Fundi cherehani, watoto wawili na video za usiku wa manane: jibu kwa msomaji wa Ngamiani

Marahaba, mdogo wangu.

Kwa faida ya wengine naliweka swali lako kwa ufupi. Wewe ni fundi cherehani hapo Ngamiani, Tanga. Una binti wa miaka minne na mtoto wa kiume wa miezi tisa ambaye bado ananyonya. Mumeo anaendesha lori la saruji, hukaa nyumbani siku mbili tatu kisha anarudi barabarani. Mwaka jana ulianza kuweka video za ushonaji TikTok, ukafungua na chaneli ya YouTube, na wapo wateja waliokupata kwa njia hiyo. Sasa umechoka. Unahariri saa sita ya usiku mtoto akiwa kifuani, sare za harusi za watu zinachelewa, na wiki ambayo mmoja wa watoto anashikwa na homa huposti chochote, ukirudi unakuta wafuasi wamepungua. Tena video iliyotazamwa kuliko zote ni ile binti yako alipoingia akacheza mbele ya cherehani, na watu wanakusisitiza umweke kila siku. Unauliza: "Niache, au kuna namna ya kuvipanga hivi vitu vikakaa?"

Usiache. Ila umejipangia kazi kubwa kuliko nafasi uliyo nayo, na hakuna ujanja wa simu utakaoliondoa hilo. Umeandika kwamba lengo lako ni video moja kila siku. Lengo hilo umeliweka kwa kipimo cha wiki nzuri: watoto wazima, umeme upo, bwana yuko nyumbani, oda si nyingi. Mzazi wa mtoto mchanga wiki ya namna hiyo anaipata mara chache sana. Mimi nakushauri upange kwa kipimo cha wiki mbaya, ile ya kushinda hospitali ya Bombo na mtoto, umeme umekatika tangu mchana, mumeo yuko njia ya Horohoro, na mteja amesimama mlangoni anadai gauni lake. Jiulize, katika wiki hiyo naweza kufanya nini bila kumdhulumu mtoto wala mteja? Kwa maelezo yako nakadiria ni asubuhi moja ya kurekodi, saa mbili hivi, na jioni moja ya kuhariri. Basi hiyo ndiyo iwe kazi yako yote ya mtandaoni. Video moja ya maana kwa wiki, na vipande vifupi viwili au vitatu vilivyokatwa humo humo. Wiki ikiwa nzuri ukarekodi zaidi, ziada usiiposti. Iweke. Akiba ya video tatu zilizokwisha kuhaririwa ndiyo itakayokufichia homa, msiba na masika.

Najua utaniambia kwamba ukipunguza, mtandao utakusahau. TikTok ni kweli video huishi muda mfupi, lakini mafunzo ya ushonaji hayafanani na vichekesho. Mtu anayetaka kujua jinsi ya kutia zipu ya kuficha anatafuta leo, na mwingine atatafuta baada ya miezi minane, na YouTube itawapa wote wawili video ile ile. Kwa hiyo video ndefu yenye kichwa cha habari kinachosema wazi kilichomo ("Kutia zipu ya kuficha kwenye gauni, hatua kwa hatua") inakufanyia kazi ukiwa unanyonyesha, umelala, au umeenda sokoni Mgandini. Elekeza nguvu zako huko, TikTok iwe mahali pa kuonyesha vipande tu.

Jambo la pili: acha kutengeneza video kama kazi ya pembeni. Unavyoniandikia, unamaliza oda za siku, halafu usiku unatafuta kitambaa kingine ili urekodi somo. Hiyo ni kushona mara mbili. Oda iliyo mezani ndiyo video yenyewe. Umesema una sare kumi na mbili za harusi. Kata ya kwanza bila kurekodi, mkono uzoee mshono. Ya pili irekodi yote: kuchora kwa chaki, kukata, kuunga mabega, kutia mikono, zipu, pindo. Zilizobaki shona kwa kasi yako ya kawaida. Mwombe mwenye shughuli ruhusa kabla hujaonyesha kitambaa, maana wapo wasiotaka sare ionekane kabla ya siku yenyewe, nao wana haki hiyo. Karatasi ya vipimo yenye jina na namba ya mteja iondoe mezani kabisa.

Rekodi mikono tu. Hili nalisisitiza kwa mama yeyote mwenye mtoto mdogo, kwa sababu linakupunguzia mzigo mwingi kwa mara moja. Huhitaji kujipodoa wala kufunga kilemba kipya, chumba hakionekani, na mtoto akilia unasimama, unakwenda kumbembeleza, unarudi kuendelea pale pale bila mtazamaji kujua kama dakika ishirini zimepita. Nunua stendi ya mkono inayobanwa ukingoni mwa meza, simu iangalie chini. Meza isogeze karibu na mlango au dirisha, jua lisiipige moja kwa moja, na urekodi kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Wakati wa kaskazi, ukichelewa hadi saa sita, simu iliyokaa karibu na jua inapata moto na kamera inajizima yenyewe. Futa kioo cha kamera kila mara, maana vumbi la pamba la kitambaa hutanda pale na picha ikawa na ukungu bila wewe kujua. Weka simu kwenye hali ya ndegeni ili mteja asikupigie katikati ya kazi. Ubora wa 1080 unatosha sana; dakika moja huchukua takribani MB 60 hadi 130 kulingana na simu, wakati 4K inakula karibu mara tatu ya hapo, ikijaza simu na kumaliza bando siku ya kupandisha.

Sauti irekodi peke yake, siku nyingine. Ukiongea huku unashona utapigana na cherehani, bodaboda, watoto wa jirani na mvua juu ya bati, na mwisho utarudia mara nyingi mpaka ukate tamaa. Wewe una bahati ambayo watu wa studio huilipia: chumba kilichojaa vitambaa. Majora ya vitambaa hunyonya mwangwi. Kaa katikati yake baada ya swala ya alfajiri, watoto bado wamelala, shika simu shubiri moja kutoka mdomoni, kidogo pembeni ili pumzi isiipige maiki, kisha tazama video uliyokwisha kuihariri huku unaeleza unachokiona. Ongea kama unavyomfundisha msichana aliyekuja kujifunza kazi kwako. Na siku ya kurekodi picha zima redio. Wimbo wa taarabu ukisikika nyuma, hata kwa mbali, mfumo wa YouTube unaweza kuutambua, na fedha za matangazo ya video hiyo zikaenda kwa mwenye wimbo. Ukitaka muziki, YouTube wana maktaba yao ya sauti unayoruhusiwa kuitumia bure.

Jioni ya kuhariri iwe ya kukata tu. Ondoa pale uliposimama, kaza kasi ya mishono mirefu, weka maandishi ya vipimo, basi. Mapambo ya kurukaruka yanakula saa nzima na hayamfundishi mtu kutia kola. Ukimaliza, tumia sehemu ya ratiba: YouTube inakuruhusu kupandisha video leo na kuipangia siku na saa ya kutoka, na Facebook na Instagram hali kadhalika. Hapo ndipo saa sita ya usiku inakurudia, ukalala.

Sasa kalenda, kwa sababu kwa fundi nguo jambo hili ni zito na sijaona wengi wakilifikiria. Majira ambayo watu hutafuta mishono zaidi ndiyo majira ambayo wewe umezidiwa na oda. Kumi la mwisho la Ramadhani kila mtu anataka nguo ya Idd, na huko mtandaoni kila mtu anatafuta mishono ya Idd. Desemba na mwanzo wa Januari ni sare za shule. Ukisubiri majira yafike ndipo urekodi, ama utawakosea wateja ama utawakosea watoto, na mara nyingi ni wote. Mishono ya Idd irekodi Rajabu na mwanzo wa Shaabani, kazi ikiwa bado pole. Sketi ya shule yenye marinda irekodi Oktoba. Ramadhani ikifika wewe unashona na kufuturu na watu wako, video zinatoka zenyewe kwa ratiba.

Nije kwa binti yako. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu hii ya barua yako ndiyo iliyonifanya nijibu haraka.

Ile video ifiche. Si lazima uifute. Iweke iwe ya kuonwa na wewe tu. Nakuelewa kabisa kwa nini uliiweka, na mtoto ni mzuri, Mungu amkuze. Lakini tazama imekuletea nini. Watu wengi walioitazama walimfuata mtoto, hawakufuata mshono, na tangu hapo TikTok inawaonyesha video zako watu wanaopenda watoto wanaocheza. Wakikutana na zipu wanapita. Ndiyo maana unasema video zilizofuata zimeshuka. Umepata watazamaji wengi na oda ileile, au pungufu.

Upande wa YouTube ni mgumu zaidi. Mwaka 2019 kampuni hiyo na Google walikubali kulipa dola milioni 170 Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto kinyume cha sheria, na tangu Januari 2020 kila mwenye chaneli anatakiwa aseme kama video yake imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Ikiwa hivyo, haipati maoni wala matangazo yanayomfuata mtazamaji mmoja mmoja. Na hata video isiyokusudiwa watoto, mtoto mdogo akionekana ndani yake, YouTube wanaweza kuzima maoni, kwa sababu waligundua watu wabaya wanayatumia kuwasiliana chini ya video za watoto. Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa. Hujui ni nani anayeirudia video ya mtoto wa miaka minne akicheza, wala anaihifadhi kwa ajili gani.

Na humjui anayemjua. Katika ile video nimeona sare ya shule yake ya awali, nembo inasomeka. Nyuma yako kuna duka lenye bango. Umesema kwa mdomo wako kwamba mumeo amesafiri. Mtu wa Tanga mwenye nia mbaya hahitaji zaidi ya hapo. Sisemi haya kukutisha, nayasema ili leo hii uirudie kila video uliyoposti ukitazama nyuma ya mabega yako: nembo, bango, namba ya nyumba, sauti ya mtu akiita jina la mtoto.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na inataka ustawi wake utangulie katika mambo yanayomhusu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Wenzetu wamekwenda mbali zaidi: Ufaransa ilipitisha mwaka 2020 sheria ya kuwalinda watoto chini ya miaka 16 wanaotumiwa kwenye video za kulipwa, na jimbo la Illinois, Marekani, tangu Julai 2024 linamtaka mzazi anayepata fedha kwa video zenye mtoto wake amtengee sehemu yake. Huko wameona mtoto anafanya kazi, hata kama anacheza. Binti yako akifika miaka kumi na mitano, rafiki zake wataitafuta ile video na kuipata, naye hakuulizwa.

Ukishona nguo za watoto na unataka kuionyesha iliyovaliwa, mvalishe, piga kuanzia shingoni kushuka, mtoto asimame palepale chumbani, usitaje jina. Au itundike kwenye hanga mbele ya ukuta safi. Mteja anataka kuona mkao wa bega na urefu wa pindo, sura haimsaidii kitu. Na binti akitaka kushiriki, mpe vipande vya vitambaa na chaki mezani kwake wakati unarekodi. Hiyo ni yenu wawili.

Msaada wa nyumbani. Umesema mama mkwe anakaa Makorora na hupenda kuja Jumamosi. Basi Jumamosi ndiyo asubuhi yako ya kurekodi. Lakini kaa naye umweleze kwa heshima zake kwamba hii ni kazi, inaleta wateja, na unamwomba akae na wajukuu kuanzia saa mbili hadi saa nne. Wazee wetu wengi wakimwona mtu ameinamia simu wanadhani anacheza, na hawana kosa. Mwonyeshe oda moja iliyokuja kwa video. Na oda hiyo ikilipwa, mkunjie kitu kwenye kanga aondoke nacho. Mtoto wa miezi tisa mnyonyeshe kabla tu hujaanza, ili asikutafute katikati.

Mumeo anaweza kukusaidia hata akiwa mbali, lori likiwa limesimama na yeye amepumzika, kamwe si akiwa kwenye usukani. Weka WhatsApp Business badala ya ile ya kawaida. Ina majibu ya haraka unayoyaandika mara moja (bei ya kushona gauni, muda wa kusubiri, kama kitambaa anakuja nacho mteja), ina katalogi ya picha, na ina ujumbe wa kujibu wenyewe usiku. Akaunti hiyo inaweza kufunguliwa kwenye simu zaidi ya moja, kwa hiyo yeye anajibu maswali ya bei jioni na wewe unabaki na ya ufundi. Maoni ya TikTok yajibu mara moja kwa siku, saa unayoichagua mwenyewe. Laivu ziache kwa sasa. Laivu inakutaka uwepo saa ile ile bila kusimama, na mama anayenyonyesha hana saa ya namna hiyo. Zitakungoja.

Kuhusu fedha nitasema machache, kwa kuwa matumaini yako naona yako mahali pasipo. Ili YouTube wakugawie fedha za matangazo wanataka wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukivuka hapo, mapato yakifika dola 10 wanatuma namba ya uthibitisho kwa barua ya posta, ya karatasi kabisa, kwa hiyo andika Sanduku la Posta ambalo unaweza kulifungua, liwe lako au la ndugu wa karibu, na uliandike kwa usahihi. Malipo yenyewe hutoka yakifika dola 100. Kuna na fomu ya kodi ya Marekani; usiiruke, maana bila hiyo wanaweza kukukata kwenye mapato yote, na ukiijaza wanakata tu kwa yale yanayotokana na watazamaji wa Marekani, ambao kwako ni wachache. Kwa chaneli ya Kiswahili ya ushonaji fedha hizi huja polepole na si nyingi. Zako zipo kwenye oda, kwenye kuuza ramani za kukatia nguo zilizochorwa kwenye karatasi, na baadaye darasa la kulipia. Kampuni ya vitambaa ikikutaka utangaze bidhaa zake, uwe na TIN, yaani namba ya mlipakodi, na ujue kwamba tangu Sheria ya Fedha ya 2024 mlipaji wa hapa nchini anatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5 anapomlipa mtengeneza maudhui wa mtandaoni. Mafunzo ya cherehani si habari. Lakini ukifikiria siku moja kuanza kuhoji watu na kutangaza mambo ya mji, kwanza ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, habari ya leseni, kwa sababu Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 zimerekebishwa tena baada ya hapo.

Kwa hiyo wiki hii usiposti kitu. Maliza sare za watu. Jumamosi mama mkwe akija, rekodi moja kati ya hizo kumi na mbili, mwanzo hadi mwisho, usihariri. Jumamosi inayofuata rekodi kitu kidogo, mkono wa puto au kola. Ukishakuwa na tatu ndani ndipo uanze kutoa, kila Ijumaa moja. Fungua daftari la oda utie safu moja mpya: mteja amenipata wapi. Uliza kila anayekuja, hata yule wa mtaa wa pili. Baada ya miezi mitatu niandikie safu hiyo inasema nini, tuamue pamoja kama YouTube uongeze au uiache hapo ilipo mpaka mdogo aache kunyonya.